Nilikagua umeme wa watoto njiti kwa hesabu za "daima" na "mpaka", nikasahau matanga

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mpo?

Naandika kutoka Bunia, Ituri, huku mashariki mwa Congo. Kifaransa kikichomoza hapa na pale mnisamehe, ndivyo tulivyo. Ninachosimulia kimenitokea mimi mwenyewe, na mke wangu Kavira amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi sina nafasi.

Bado nina furaha mpaka vidole vinakosea herufi. Twende.

Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari, na jioni nafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja kidogo hapa mjini. Kuna tawi la hesabu ninalolipenda kiasi kwamba Kavira huliita mke mdogo. Unachukua mtambo wowote, unauandika kama modeli yenye mambo ya bahati ndani yake, halafu unauuliza maswali kwa mantiki ya wakati.

Msikimbie! Nitaeleza kwa maneno ya nyumbani.

Mantiki tuliyosoma shuleni inauliza: jambo hili ni kweli au si kweli? Mantiki ya wakati inauliza: ni kweli DAIMA? Litakuwa kweli SIKU MOJA? Litabaki kweli MPAKA kitu fulani kitokee? Ni maneno ambayo bibi yangu aliyatumia kila siku wala hakukanyaga darasa.

Sasa dunia yenyewe haina uhakika. Leo jua, kesho mawingu. Kwa hiyo swali linaongezwa kidogo: kuna UWEZEKANO KIASI GANI kwamba umeme utakuwepo daima ndani ya mwezi mmoja? Kuna programu ya bure inayojibu hilo kwenye laptop ya kawaida kabisa. Haikisii wala haijaribujaribu halafu ikakupa wastani. Inapita kwenye kila hali ambayo mtambo unaweza kuingia, hata ile ambayo hujawahi kuiona, na inapiga hesabu yote.

Kwa muda mrefu niliitumia kwa mifano ya darasani tu. Kete, sarafu, ujumbe unaopotea njiani. Wanafunzi walisinzia, mimi nikaruka ruka mbele yao peke yangu.

Halafu Kavira akabeba mimba ya mapacha.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kabla ya miezi kutimia. Couveuse za mjini, yaani yale makasha ya joto ya watoto njiti, siku ile zilikuwa zimejaa zote. Tukapanda gari kuelekea hospitali ya Nyankunde. Hatukufika naye. Kavira amenitazama nilipoandika mstari huu, basi nauacha hapo.

Safari hii daktari wetu, Dokta Aimée, anayeongoza kituo cha afya cha mtaani kwetu, centre kama tunavyokiita, alisema mapema kwamba mapacha hawa nao wanaelekea kutangulia. Na akakataza safari za barabarani, kwa sababu mashimo yenyewe yangeweza kuanzisha uchungu.

Habari njema: kituo kilikuwa kimepata couveuse. Mpya, ina kioo safi, nesi alikuwa akiifuta kila asubuhi kama sahani ya wageni.

Habari ya kutisha: umeme. Juu ya paa kuna paneli za jua, ndani kuna betri, na nyuma kwenye kibanda kuna jenereta, ambayo huku tunaiita groupe. Jua likishindwa betri zinashika, betri zikishindwa groupe inawashwa. Je, kuna wakati vyote vitatu vitashindwa kwa pamoja huku watoto wangu wako ndani?

Wakuu, mtu anaomba miaka yote apate mfano mzuri wa darasani, halafu analetewa na tumbo la mke wake.

Nikaenda kwa Papa Jérémie, fundi umeme aliyeufunga mtambo ule wote, rafiki yangu wa siku nyingi, mtu wa kucheka kabla hujamaliza kusema. Nilimhoji kila kitu. Mawingu yakikaa, betri zinashuka kwa mwendo gani? Zikishuka, unajuaje? Nikafika kwenye groupe.

"Papa Jérémie, hii groupe inaharibikaka mara ngapi?"

"Haiyaharibika hata siku moja, mwalimu. Unavuta kamba, inalia. Unavuta, inalia. Hii ni mashini ya Mungu."

Nikaandika: groupe karibu daima tayari. Kosa dogo nikaliweka la heshima tu, maana hakuna mashine isiyokufa.

Nikajenga modeli. Jua lina hali zake, betri zina viwango vyake, groupe ama iko tayari ama imekufa, na kila saa mtambo unahama kutoka hali moja kwenda nyingine kwa uwezekano fulani. Nikauliza: ndani ya mwezi mmoja wa mvua, kuna uwezekano gani kwamba couveuse itakosa umeme?

Jibu lilianza na sufuri, likafuatiwa na sufuri nyingine, na nyingine, ndipo tarakimu ikajitokeza kwa aibu. Nilishika laptop nikakimbia nayo kituoni ikiwa wazi, watu njiani wakinipisha.

Dokta Aimée akafurahi, lakini ni mtu makini. Akaonyesha laptop kwa kidole, akasema, "Muulize tena, bila hiyo mambo ya mwezi. Muulize tu: siku moja courant itakatika ku couveuse?"

Nikaandika hilo swali la courant, yaani umeme, nikaondoa kikomo cha muda. Jibu: moja.

Moja, yaani lazima. Uhakika kamili.

Wakuu, uso wa Dokta ulibadilika, akataka kuniondolea mke wangu kwenye orodha ya wazazi palepale. Ilinibidi nimkalishe. Nikamwambia, Dokta, ukimuuliza mtu "je, siku moja utakufa?" jibu lake nalo ni moja, lakini hujamwandikia jeneza leo. Mtambo wowote unaoweza kushindwa, ukiupa muda usio na mwisho, utashindwa. Swali lenye maana ni "ndani ya muda gani". Akacheka, akasema hesabu zenu zina roho mbaya.

Tukakubaliana. Kavira atajifungulia hapahapa. Nilitembea mtaani nikijiona mtu mkubwa kweli kweli.

Haikupita wiki, mzee mmoja jirani akafariki. Mchana tukaenda kwenye matanga, kama ilivyo desturi. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya taratibu, tumejibana chini ya turubai, maharage yanagawiwa, sono, yaani zile spika kubwa, inapiga nyimbo za kwaya kwa nguvu zote. Mimi namweleza mtu aliyekaa jirani yangu habari za modeli yangu, ananiitikia kwa huruma kama anavyoitikiwa mgonjwa wa homa.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mlio wa jenereta uliokuwa unanimeza sauti. Nikainuka nikaseme waisogeze kidogo. Nikamkuta Papa Jérémie ameinama anaitia mafuta.

Nikaitazama. Nikaitazama tena. Ile rangi, ule mpini uliofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Papa Jérémie. Hii si groupe ya centre?"

"Njo yenyewe."

"Lakini weye ulisema haiharibikake!"

Akanyanyuka, akafuta mikono, akanishangaa kwa moyo safi kabisa. "Na haiyaharibika, mwalimu. Iko ku matanga."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikatazama juu, nikaona mawingu yalivyokaa, na kicheko kikanikauka.

Wakuu, niwaeleze. Huku kwetu mtu akifiwa, mtaa haumnyimi kitu. Viti, masufuria, turubai, groupe, vyote vinaenda kwake, na vinakaa huko siku zote za kilio. Wengi wetu tumehamia hapa kutoka Butembo, Beni na kwingine, ndugu wa damu wako mbali, kwa hiyo jirani ndiye ukoo. Ukiinyima familia yenye msiba, utasemwa mpaka siku ya msiba wako, na siku hiyo utakaa gizani peke yako.

Na kwa sababu ni jambo la heshima, hakuna anayelihesabu kama upungufu. Ungemuuliza Dokta kama groupe ipo, angesema ipo. Ungemuuliza Papa Jérémie, angesema ipo. Ungeniuliza mimi, mimi niliyekula maharage chini ya taa za groupe ileile kwenye vilio vya watu hata sikumbuki wangapi, ningesema ipo, tena ningekuchorea mchoro.

Nilirudi nyumbani nimelowa, nikafungua laptop kabla ya kuvua viatu. Nikaongeza hali moja tu kwenye modeli: groupe iko matanga.

Na hapa ndipo utamu ulipo. Kuharibika ni jambo la saa chache, Papa Jérémie anagonga nyundo, inawaka. Matanga si hivyo. Ikienda haitoki leo wala kesho. Na mawingu ya huku nayo yakija hukaa. Vitu viwili vinavyopenda kukaa vikikutana, betri hazina pa kukimbilia.

Nikabonyeza. Zile sufuri zote zimefutika. Uwezekano ulikuwa zaidi ya moja kwa kumi, kwa mwezi mmoja tu!

Nikaiomba programu inionyeshe njia inayoelekea zaidi kufika kwenye hali mbaya. Ikanipangia kama hadithi: mawingu, betri nusu, msiba mtaani, mawingu, mawingu, betri tupu. Hatua baada ya hatua, jambo ambalo halijatokea bado, limelala pale kwenye skrini!

Nilipiga kelele. Kavira akatoka chumbani ameshika tumbo, akauliza, "Ni nani anazaa hapa, miye ao weye?"

Nikamweleza nikirukaruka. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa unafurahia nini? Si inasema batoto yetu watakosa courant?"

"Inasema kabla haijatokea! Wengine wanajua siku ya kulia. Siye tumejua leo."

Akageuka kurudi chumbani. "Basi rekebisha."

Kesho yake tukakutana kituoni. Dokta akataka ipigwe marufuku moja kwa moja, groupe isitoke tena. Papa Jérémie akauliza swali moja, "Na njo nani ataenda kumuambia mujane hapana? Weye, Dokta?" Dokta akatazama dirishani.

Nami nilikuwa nimeshajaribu kwenye modeli. Marufuku inayotiiwa ni nzuri sana. Marufuku inayovunjwa kila mtu akilia ni sawa na kutokuwepo.

Ndipo nikawaletea lile neno la bibi yangu. Tusiseme groupe haitoki DAIMA. Tuseme groupe haitoki MPAKA couveuse iwe tupu. Couveuse ikiwa tupu, iende matanga na baraka zote, hata tutaisukuma wenyewe. Siku nyingi za mwaka haina mtoto ndani. Familia hainyimwi, inaambiwa wakati.

Papa Jérémie akalipenda mno, akaenda kulipaka kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa kibanda: GROUPE HAITOKI MPAKA COUVEUSE IKO VIDE. Nilisimama mbele ya ule mlango, wakuu, nikaona fomula ya mantiki ya wakati imeandikwa kwa brashi huku Bunia, na mbuzi anajikuna pembeni yake. Nusura nilie.

Ila mlango hauzuii watu. Tukawaita majirani. Akaja Mama Vumilia, anayeongoza akina mama wa mtaa kwenye misiba. Yeye ndiye anayesema turubai lifungwe wapi na chai ichemshwe saa ngapi. Akasikiliza amekunja mikono.

"Mufu naye iko na haki yake," alisema. "Siye tukimulia mutu mu giza, watasema alikuwa mubwa?"

Nikajaribu kumweleza mawingu na betri. Akanikata.

"Mwalimu, nikuulize. Kama ni miye njo nimefiwa, na batoto yako iko ndani, utakuja kuniambia nini?"

Nikafunga laptop yangu. Hakukubali, hakukataa. Alisema tu, "Tutaona," akaondoka.

Kwenye modeli ilinibidi niandike namba: msiba ukitokea na mtoto yuko ndani, familia itaheshimu sharti kwa uwezekano gani? Nikaandika nusu. Sijui ni kwa haki au kwa uoga. Matokeo yalikuwa bora kuliko mwanzo, lakini hayakunitosha. Dokta akauliza namba gani ingetosha, nikapiga hesabu kinyumenyume, nikamwambia karibu na moja. Akasema, "Basi hesabu yako imeisha hapo. Inayobaki ni watu."

Mapacha walitangulia kama ilivyosemwa. Msichana na mvulana, wadogo kiasi kwamba niliogopa kupumua karibu yao. Wakalazwa pamoja ndani ya ile couveuse, wanagusana vichwa. Kavira akawa anaweka kiganja kwenye kioo na kukiacha pale.

Mvua zikaanza kukaa.

Na asubuhi moja Papa Jérémie akaja kunitafuta shuleni, safari hii hacheki. Mume wa Mama Vumilia amefariki.

Nilimfahamu yule mzee, alikuwa mpole, alinipa miche ya maparachichi tulipohamia. Lakini nikiri mbele yenu, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni betri.

Tukaenda, mimi na Papa Jérémie. Njia nzima nilipanga maneno. Ya kwanza yalikuwa ya pole, ya pili yalikuwa ya kuomba, na kila nilipoyaunganisha yalinuka ubinafsi. Tulipofika, vijana wa nyumba walikuwa wameshaleta mkokoteni uani, mmoja anaufunga kamba. Wote tulijua unakwenda kuchukua nini.

Mama Vumilia alikuwa chini kwenye mkeka katikati ya akina mama, kitambaa kimeanguka begani. Akaniona. Nikafungua mdomo nianze na pole.

Akatangulia yeye. "Mwalimu. Couveuse iko vide?"

"Hapana, Mama. Batoto bado iko ndani."

Akageuka kwa vijana wake. "Rudisha hiyo pousse-pousse ya watu."

Mmoja akaanza kubisha, kwamba marehemu hawezi kuzikwa kimya. Akamkata kama alivyonikata mimi siku ile.

"Kimya gani? Huna mudomo? Siye tutamulia na midomo yetu."

Nikapiga magoti pale kwenye mkeka. Nililia, wakuu, na sikumlilia mzee peke yake.

Matanga yale hayakuwa na sono. Kwaya ya akina mama ilishika nyimbo kwa zamu, wakichoka hawa wanapokea wale, na mtaa mzima ukawa unawasikia. Mawingu yakakaa juu yetu kama programu ilivyonionyesha, hatua kwa hatua, mpaka taa ya betri ikageuka nyekundu mchana kweupe.

Papa Jérémie akavuta kamba. Ikalia.

Nikasimama kati ya kibanda na dirisha la couveuse. Upande mmoja nasikia groupe inanguruma, upande wa pili, mbali kidogo, akina mama wanaimba bila kipaza sauti. Ndani watoto wangu wamelala, hawana habari. Nilikuwa nimeandika nusu. Yule mama aliipandisha mpaka moja akiwa amekaa chini kwenye mkeka, siku mbaya kuliko zote za maisha yake.

Watoto walikua, wakatoka. Matanga yakiwa yameshaondolewa, Mama Vumilia alikuja kutuona. Akawabeba wote wawili kwa pamoja, akawatazama kwa macho makali sana.

"Njo hawa walininyima sono?"

Kavira akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, yeye mwenyewe anasema hajui.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mantiki ya wakati ni kitu kitamu na nitaihubiri mpaka mnichoke. Ukiuliza vizuri, itakuonyesha balaa kabla halijafika mlangoni. Lakini inakagua modeli uliyoiandika wewe, si mtaa unaoishi. Msiishie kuuliza mashine inaharibika mara ngapi. Ulizeni pia inaazimwa na nani, na kwa nini hakuna anayeweza kukataa.

Sasa ninyi mseme. Hapo ulipo, ni kitu gani ambacho kila mtu anaapa kwamba ni kizima, kipo, hakina shida, kumbe kiko matanga? Wenye kufahamu hesabu hizi mnisahihishe pia, sina kiburi, modeli ipo naipanua.

Kavira anasema nimesahau jambo. Asubuhi hii groupe imetoka. Kuna msiba upande wa pili wa barabara, na couveuse iko tupu. Papa Jérémie anasukuma mkokoteni, mimi nimeahidi kushika upande wa nyuma, kwa hiyo nitasoma majibu yenu jioni nikirudi.